Jinsi ya kutunza maktaba ya hesabu za falaki iliyofungashwa kwa Python

Maktaba ya hesabu za falaki ikiachwa miaka mitano bila kuguswa, majibu yake huanza kupotoka yenyewe. Dunia haizunguki kwa mwendo ulio sawa, sekunde za nyongeza zinazofidia hilo kwenye saa hutangazwa miezi michache tu kabla, na majedwali ya mahali pa sayari yana tarehe ya kuanzia na tarehe ya kuishia. Juu ya hayo kuna uchakavu wa kawaida wa programu: Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, maktaba ya hesabu ya NumPy hubadilisha mambo yake ya ndani, kompaila hupata njia mpya za kuharakisha hesabu. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kifurushi cha namna hiyo, chenye kiini cha C kilichovikwa ganda la Python.

Tenganisha data na msimbo

Data zilizomo ni za aina tatu, na kila aina ina umri wake.

Zipo zisizobadilika: vizidishi vya VSOP87 kwa ajili ya sayari, au vya IAU 2000A kwa ajili ya mtikisiko wa mhimili wa Dunia, vyenye vipengele 1365. Hivi ni sehemu ya msimbo. Viache vikompailiwe humo humo, na usimruhusu mtu "kuvisafisha" kwa kupunguza tarakimu.

Zipo zinazochakaa, nazo ni mbili: orodha ya sekunde za nyongeza na jedwali la UT1−UTC, yaani tofauti kati ya saa inayofuata mzunguko wa Dunia (UT1) na saa rasmi ya dunia (UTC). Tofauti kati ya saa za atomiki (TAI) na UTC ni sekunde 37 tangu tarehe 1 Januari 2017. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kuachana na utaratibu wa sasa kufikia 2035, lakini kabla ya hapo IERS, shirika la kimataifa linalofuatilia mzunguko wa Dunia, hutoa tangazo kila miezi sita, katika Bulletin C, kusema kama sekunde itaongezwa au la. Kwa hiyo ukiletewa pendekezo la kuandika 37 moja kwa moja ndani ya msimbo "kwa kuwa haibadiliki tena", likatae. Sekunde inaweza hata kupunguzwa, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa hiyo msimbo usidhani kwamba tofauti hiyo hupanda tu.

Faili la `leap-seconds.list` hubeba tarehe yake ya kuisha katika mstari unaoanza na `#@`. Namba iliyopo hapo ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwaka 1900, si 1970. Toa 2208988800 upate hesabu ya Unix. Weka jaribio la kuhakikisha kwamba namba 3692217600 inasomeka kuwa 1 Januari 2017 na kuleta 37. Weka na jaribio la pili, la kila wiki kwenye seva ya majaribio, litakalofeli zikibaki siku 60 kabla faili kuisha. Hilo ndilo litakalokuamsha, maana kumbukumbu ya mtu haitoshi.

Kama kiini chako ni ERFA, maktaba huria ya C ya hesabu za falaki, orodha hiyo imo ndani ya fanksheni `eraDat`. Mwaka unaoulizwa ukizidi mwaka wa toleo la ERFA kwa zaidi ya miaka 5, fanksheni hurudisha hadhi 1, na mtumiaji huona onyo la "dubious year". Watu wengi hulizima onyo hili kwa kuwa linawaudhi. Usilizime ndani ya maktaba. Liandike upya kwa maneno yanayoeleweka: "orodha ya sekunde za nyongeza haijulikani kwa mwaka huu, majibu ya UTC yanaweza kukosea kwa sekunde kadhaa". Kisha pandisha ERFA.

Jedwali la UT1−UTC, `finals2000A.all`, huanzia 2 Januari 1973 na limeandikwa kwa safu zenye upana maalumu. UT1−UTC iko kwenye safu ya 59 hadi 68. Mitego yake ni miwili. Mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili, kwa hiyo usiutumie kabisa. Soma MJD, yaani hesabu ya siku mfululizo, kwenye safu ya 8 hadi 15. Na mwishoni mwa faili kuna mistari yenye tarehe lakini isiyo na thamani. Msomaji wa faili aliyeandikwa kwa haraka hugeuza nafasi tupu kuwa sifuri, na sifuri ni jibu linaloaminika kabisa kwa macho, kwa kuwa UT1−UTC hukaa ndani ya sekunde 0.9. Rudisha NaN (alama ya "si namba"), au kataa ombi.

Upakuaji wa jedwali hili usifanyike mtu anapoandika `import`. Mwaka 2019 seva moja iliyokuwa ikitegemewa na wengi kwa data hizi ilizimwa kwa matengenezo marefu, na programu zilizokuwa zikiipakulia moja kwa moja zikakwama. Toa fanksheni ya wazi ya kupakua, weka anwani mbili au zaidi, andika kwanza kwenye faili la muda ndani ya folda ile ile, kagua ukubwa na SHA-256 pale inapopatikana, halafu `os.replace`. Bila hatua hiyo ya mwisho, michakato miwili ikianza pamoja mmoja utasoma faili nusu.

Aina ya tatu ni efemerisi, yaani majedwali ya mahali pa sayari, za JPL, maabara ya NASA. Toleo la DE421 lina takriban MB 17 na inatosha kuanzia 1900 hadi 2050. DE440 huanzia 1550 hadi 2650 na ina takriban MB 114. PyPI, hazina ya vifurushi vya Python, kwa kawaida haipokei faili lililozidi MB 100, kwa hiyo DE440 haiwezi kuingia ndani ya kifurushi kwa njia ya kawaida. Toleo fupi, DE440s, la 1849 hadi 2150, lina takriban MB 32. Linaweza kuwa kifurushi cha pembeni chenye namba ya toleo ya peke yake. Usilitie ndani ya kifurushi kikuu: kila ukirekebisha kosa la tahajia, watumiaji wote watapakua MB 32 upya.

Kuhama kutoka DE421 kwenda DE440 si kubadilisha jina la faili tu. Ndani ya DE421 Mirihi ina namba 499. Ndani ya DE440 ipo namba 4 tu, yaani kitovu cha uzito cha Mirihi pamoja na miezi yake. Msimbo unaoomba 499 utafeli siku ya kwanza. Kwa Mirihi unaweza kutumia 4 badala ya 499 bila hasara inayoonekana, kwa sababu miezi yake ni midogo mno. Kwa Mshtarii, 5 na 599 ni vitu viwili tofauti kweli, kwa hiyo usifanye mbadala wa kimyakimya. Sema katika nyaraka unarudisha kipi.

Tarehe na saa

Siku ya Juliasi (JD) huanza adhuhuri. Saa zote humu zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 12:00 ni adhuhuri: J2000.0, tarehe sanifu ya rejea, ni 1 Januari 2000, 12:00 TT (saa sanifu ya falaki isiyo na sekunde za nyongeza), sawa na JD 2451545.0. Namba ya desimali ya biti 64 yenye ukubwa wa milioni 2.4 haiwezi kutofautisha nyakati zilizo karibu zaidi ya takriban mikrosekunde 40. Kwa machweo usahihi huo unazidi mahitaji. Kwa setilaiti zinazokwenda kilomita 7 au 8 kwa sekunde, ni kosa la karibu sentimita 30, na kwa pulsa, nyota zinazotoa mapigo ya redio, halivumiliki. Ndiyo maana ERFA hupokea JD kwa vipande viwili. Ukiona pendekezo linalojumlisha vipande hivyo mapema "ili msimbo uwe mfupi", linarudisha tatizo hilo hilo.

Kwa UTC kuna hila nyingine. Siku yenye sekunde ya nyongeza ina sekunde 86401, na ERFA hurefusha siku hiyo ndani ya JD. Kutoa JD mbili za UTC ili kupata muda uliopita ni kosa. Badili zote kuwa TAI au TT kwanza. Na `datetime` ya Python haijui sekunde ya 60, kwa hiyo 31 Desemba 2016 23:59:60 haiwezi kupita humo. Lazima uwe na njia ya kuingiza tarehe kwa maandishi au kwa namba sita.

Tarehe za kale zina mkanganyiko wake. Tarehe 4 Oktoba 1582 ya kalenda ya Juliasi ilifuatwa na 15 Oktoba ya Gregori, ambayo usiku wake wa manane ni JD 2299160.5. `datetime` hurudisha kalenda ya Gregori nyuma hadi mwaka 1 kana kwamba ilikuwepo siku zote. ERFA nayo, katika `eraCal2jd`, hutumia Gregori tu. Vitabu vingi vya falaki hubadili kalenda mwaka 1582. Hakuna aliyekosea, ila lazima uchague na uandike ulichochagua kwenye mstari wa kwanza wa maelezo ya fanksheni. Kumbuka pia kwamba wanafalaki wana mwaka 0: mwaka 1 kabla ya Kristo ni 0, wa 2 ni −1.

Soma ukubwa wa kosa kabla ya kufungua msimbo

Ripoti nyingi zitakazokujia zinasema "jibu lenu linatofautiana na la programu nyingine". Kabla ya kufungua faili lolote, mwombe mtoa ripoti tofauti yenyewe kwa namba. Katika falaki, ukubwa wa kosa hutaja jina la mkosaji mara nyingi kuliko unavyodhani. Hapa sekunde za tao zimeandikwa kwa ″ na dakika za tao kwa ′. Digrii moja ina 60′, na 1′ ina 60″.

Tofauti ya wakati ikiwa sekunde 69.184, mtu ameingiza UTC mahali pa TT. Ikiwa 32.184, amechanganya TAI na TT. Ikiwa 18, saa imetoka kwenye kipokezi cha GPS bila kurekebishwa. Ikiwa 1 kamili, orodha ya sekunde za nyongeza ni ya zamani. Makosa haya hujitokeza zaidi kwenye Mwezi, kwa kuwa husogea karibu 0.55″ kila sekunde: kuchanganya UTC na TT huupotosha kwa takriban 38″, wakati Jua hupotoka chini ya 3″ na hakuna anayegundua. Ripoti inayosema "Jua liko sawa, Mwezi umekosea" ianze kuchunguzwa hapo.

Tofauti ya hadi karibu 20.5″ inayobadilika kwa msimu wa mwaka ni uhadaifu wa mwanga unaotokana na mwendo wa Dunia: programu moja imeuhesabu, nyingine haikuuhesabu. Tofauti inayokua kwa takriban 50″ kila mwaka ni presesheni, yaani mhimili wa Dunia unavyoyumba polepole kama pia inayokaribia kulala. Mtu analinganisha mahali pa J2000 na mahali pa leo, na kufikia 2025 pengo limefika karibu 21′. Hadi 17″ za longitudo, zinazopanda na kushuka kwa miaka 18.6, ni mtikisiko wa mhimili ulioachwa.

Mwezi ukitofautiana hadi karibu digrii moja, programu moja inatazama kutoka kitovu cha Dunia na nyingine kutoka juu ya ardhi. Pengo la 34′ karibu na upeo wa macho ni kupinda kwa mwanga hewani. Hitilafu ya latitudo inayofika 11.5′ kwenye digrii 45 na kupotea ikweta na kwenye ncha imetokana na kuchanganya latitudo ya kijiodesia na ile ya kitovu. Tofauti ya muda wa saa 12 ni JD iliyoanzishwa usiku wa manane. Siku 10 au 13 ni kalenda. Namba iliyozidishwa au kugawanywa kwa 15 ni saa zilizosomwa kama digrii. Na kama nyota zinachomoza upande wa pili wa ulimwengu, angalia alama ya longitudo: baadhi ya fomula mashuhuri zilizochapishwa huhesabu magharibi kuwa chanya.

Weka aya hizi tatu kwenye nyaraka zako, karibu na mahali pa kuripoti hitilafu. Zitapunguza ripoti, na zitakazobaki zitakuwa zile zenye kosa la kweli.

Kuna na "hitilafu" ambazo si hitilafu. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo mara moja kila mzunguko kuna siku ambayo hauchomozi kabisa. Kwenye latitudo za juu Jua laweza kukaa wiki nzima bila kutua. Fanksheni ya mawio isirudishe 0 wala saa ya mawio ya jana. Irudishe hadhi inayosema "halichomozi" au "halitui". Kwa mawio ya Jua kipimo kinachotumika ni kitovu chake kuwa 50′ chini ya upeo: 34′ za hewa na 16′ za nusu kipenyo. Hewa halisi hubadilika, kwa hiyo kuonyesha mawio hadi sehemu za sekunde ni kumdanganya mtumiaji.

Majaribio

Jaribio la falaki bila kiwango cha kuvumilia halina maana, na lenye kiwango kikubwa mno halina maana vilevile. Andika kando ya kila namba imetoka kwenye kielelezo gani. Mfano unaojulikana sana: 10 Aprili 1987, 0h UT, saa ya nyota ya wastani ya Greenwich ni 13h 10m 46.3668s. Hiyo ni kwa fomula ya 1982. Ukiipima kwa fomula ya IAU 2006 tarakimu za mwisho hazitalingana, na mchangiaji mwenye nia njema atalegeza kiwango mpaka jaribio lipite. Tumia kila namba na kielelezo chake.

Kwa kiini, endesha programu ya majaribio inayokuja na ERFA yenyewe (`t_erfa_c`) kabla ya kupima ganda la Python. Ikifeli hapo, usihangaike na Python. Kwa sayari, chukua namba kutoka Horizons, huduma ya mtandaoni ya JPL, zihifadhi kama faili ndani ya hazina ya msimbo pamoja na mipangilio yote iliyotumika: mtazamaji yuko wapi, saa ni za aina gani, hewa imehesabiwa au la. Usiiulize Horizons kila majaribio yanapoendeshwa. Horizons hutumia DE441, kwa hiyo ukiwa na DE421 utaona tofauti ndogo ambazo si zako.

Pembe zisilinganishwe kwa kutoa tu. 359.9999 na 0.0001 ziko jirani:

```
def tofauti_ya_pembe(a, b):
    return (a - b + 180.0) % 360.0 - 180.0
```

Hii inafanya kazi kwa sababu `%` ya Python hurudisha jibu chanya. Ukiinakili kwenye C kwa `fmod`, alama itafuata namba ya kwanza na fanksheni itakosea kwa pembe hasi. Umbali kati ya nyota mbili nao usihesabiwe kwa `acos`: kwa pembe ndogo kuliko takriban 0.003″ hurudisha sifuri au takataka. Tumia `atan2` ya urefu wa zao la vekta na zao la nukta.

Jaribio moja ambalo wengi hawana: lugha ya mfumo. Kiini cha C kikisoma faili la data kwa `strtod` au `atof`, na programu iliyokiita imeweka `LC_NUMERIC` ya nchi inayotumia mkato badala ya nukta ya desimali, "0.5" husomwa kuwa 0. Hakuna kosa linalotangazwa. Sayari zinakaa mahali pa ajabu kwa watumiaji wa nchi kama Ujerumani na Ufaransa tu. Endesha seti yote ya majaribio mara moja chini ya `de_DE.UTF-8`, au soma data upande wa Python, ambako `float()` haijali mpangilio huo.

Kukompaili na kufungasha

Usitumie `-ffast-math`. Humpa kompaila ruhusa ya kupanga upya jumlisho, na hesabu za vipande viwili vya JD hutegemea mpangilio huo huo. Pia humfanya adhani kwamba NaN haipo, hivyo ukaguzi wako wa NaN hufutwa. Katika GCC kabla ya toleo la 13, maktaba ya pamoja iliyounganishwa kwa bendera hiyo hubadili tabia ya namba ndogo sana kwa mchakato mzima, hata kwa vifurushi visivyo vyako.

Hata bila bendera hiyo, arm64 na x86-64 hazitatoa biti zile zile. GCC kwa kawaida huunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa amri moja pale prosesa inaporuhusu, na arm64 inaruhusu siku zote. Majaribio yanayodai usawa kamili hupita kwenye mashine moja na kufeli kwenye nyingine. Dawa ni kiwango cha kuvumilia chenye sababu, au `-ffp-contract=off` ikiwa unahitaji kurudia majibu yale yale. `long double` nayo iepuke kabisa: ni biti 80 kwenye Linux ya x86-64, 64 kwenye Windows ya MSVC na kwenye Mac za arm64, 128 kwenye Linux ya arm64.

```
[build-system]
requires = ["setuptools>=64", "numpy>=2.0"]
build-backend = "setuptools.build_meta"
```

NumPy 2.0 ya Juni 2024 ilivunja upatanifu wa ndani: kifurushi kilichokompailiwa na 1.x hakifanyi kazi na 2.x, lakini kilichokompailiwa na 2.x hufanya kazi na 1.x za karibuni pia. Kwa hiyo kompaili na mpya, kisha pima na ya zamani zaidi unayoitangaza. `distutils`, zana ya zamani ya kufungasha, iliondolewa katika Python 3.12. Kama bado ipo `setup.py` inayoiita, hiyo ndiyo ya kuondoa kwanza.

Jenga gurudumu (wheel, yaani vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa) za mifumo yote kwa `cibuildwheel`. Weka msimbo ndani ya folda ya `src/`, la sivyo majaribio yatapima folda ya chanzo badala ya kifurushi kilichosakinishwa, na hutajua kwamba faili la data limesahaulika. Kifurushi cha chanzo nacho kijaribiwe: kijenge, kihamishie kwenye mazingira matupu, kikompaili. Kinachokosekana huwa ni mafaili ya `.h`.

Leseni: SOFA ina masharti yake kuhusu msimbo uliobadilishwa, ikiwemo kubadili majina ya fanksheni, ERFA imetokana nayo kwa makubaliano na iko chini ya leseni huru ya aina ya BSD. Swiss Ephemeris, maktaba nyingine ya falaki, ni AGPL au leseni ya kulipia. Mchangiaji akikuletea fomula "aliyoipata mahali", uliza ni mahali gani kabla ya kuikubali.

Kutoa toleo

Badiliko linalosogeza majibu ni badiliko hata kama jina la fanksheni halikuguswa. Liandike kwenye orodha ya mabadiliko kwa namba: limesogeza nini, kwa kiasi gani, katika miaka ipi. "Tumeboresha usahihi" haimsaidii mtu ambaye majaribio yake yamefeli asubuhi.

Pakia kwanza TestPyPI, sakinisha kutoka huko kwenye mazingira safi, kisha PyPI kwa njia ya uchapishaji unaoaminika, ili kusiwe na neno la siri lililohifadhiwa popote. Jina la faili lililokwisha kupakiwa PyPI haliwezi kutumika tena hata ukilifuta, kwa hiyo toleo bovu halirekebishwi papo hapo. Weka alama ya kuliondoa kwa `yank`: wasiolitaja kwa namba hawatalipata, waliolifunga kwa namba kamili wataendelea kulipata. Toa toleo la marekebisho siku hiyo hiyo.

Bulletin C ikitangaza sekunde mpya, mpangilio ni huu: kifurushi cha data kwanza, siku ile ile ya tangazo, halafu toleo dogo la maktaba linalodai kifurushi hicho kipya, halafu jaribio jipya la sekunde ya 60 kwa tarehe hiyo. Kuna mashine ambazo watu hawazisasishi kwa miezi, na ndizo zitakazokosea kwa sekunde 1 kamili.